Basili Amempiga Nani?

Karibu kila bingwa wa ngumi aliyepita Moshi miaka hii amewahi kunipiga. Wengi walinipiga kabla hawajawa mabingwa. Mmoja alinipiga akiwa ameshastaafu, kwenye pambano la hisani la kuchangia paa la kanisa, na padri alicheka hadi akafuta machozi. Kazi yangu ulingoni ina jina lake: kibonde. Kibonde ni bondia anayeitwa ili kijana wa watu apate ushindi na mashabiki warudi makwao wameridhika. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa kipimo hicho, mkoa huu haujapata kuona mshindani kama mimi.

Kwetu ni Kibosho. Siku za kawaida napakia mabua ya mahindi kule tambarare, tunayapandisha kwa Fuso kwa wenye ng'ombe huku juu, maana mlimani majani hayatoshi. Mabua ndiyo yaliyonipa shingo, na shingo ndiyo iliyonipa soko ulingoni. Mapromota wanataka mtu anayepigika lakini haanguki mapema, watu waone kiingilio chao hakikupotea. Mke wangu Hilaria anaimba kwaya na ndiye anayetunza ngoma ya kigango chetu. Husema nyumba hii ina ngoma mbili, moja ya kanisa, nyingine ndiyo iliyomuoa.

Kati ya wote walionipiga, niliyempenda ni Rahim wa Majengo. Alinipiga mara mbili, na mara zote mbili sikuiona ngumi ilikotoka. Lakini pambano likiisha alikuwa anakuja kwenye kona yangu kuniuliza kama nimekula. Bondia anayekuvunja mbavu kisha akajali tumbo lako, huyo amelelewa. Alikuwa hajapoteza pambano hata moja, na mjini watu walianza kumwita bingwa hata kabla hajapata mkanda.

Ndipo akaja promota kutoka Dar. Kocha wa Rahim, mzee Salehe, aliniita gym siku hiyo nikae pembeni, nadhani ili mgeni aone kwamba waliopigwa na kijana wake ni watu wenye nyama na mifupa. Promota alikuwa anapekua simu yake.

"Ameshinda yote. Safi," alisema. "Sasa amempiga nani?"

"Wengi," mzee Salehe akajibu. "Huyu hapa, Basili, kampiga mara mbili. Mtu mgumu sana, haanguki."

Promota akanitazama, akarudi kwenye simu. "Na Basili amempiga nani?"

Mzee Salehe akakohoa. Rahim akaanza kujifunga bandeji ambayo ilikuwa imeshafungwa. Mimi nilikuwa nimeegemea gunia la mazoezi.

"Mzee wangu," promota akasema taratibu, "kijana ana mikono mizuri, lakini amepiga magunia. Dar nina nafasi moja kwenye uzito wake. Nikimpandisha na rekodi hii watu watanicheka. Niletee sababu kabla ya mwisho wa mwezi ujao."

Nimepigwa hadi nikasahau jina la mke wangu, na sikuona aibu. Siku ile niliona aibu. Ngumi zote nilizopokea nilidhani nilikuwa namsaidia Rahim kupanda, kumbe nilikuwa nimekalia ngazi yake. Niliteremka ngazi za gym bila kuaga.

Kesho yake, nikiwa nakata mgomba wa ng'ombe, bodaboda ikasimama kwetu. Akashuka mama yake Rahim, bibi Rukaiya, ana vumbi hadi kwenye kope, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Nikaweka panga chini. Kwetu Uchaggani, mtu akikujia na isale ameomba msamaha, na hukatai, hata kama ni yeye aliyemuua ng'ombe wako.

"Shikamoo mama," nikasema. "Mbona isale? Hujanikosea kitu."

"Marahaba, baba. Mwanangu kakupiga mara mbili. Nimekuja kukuomba radhi kwa hilo."

Nilimwambia ngumi ni mchezo, hakuna kosa. Akasema anataka kusikia neno lenyewe. Nikamwambia nimesamehe.

"Alhamdulillahi," akasema, akakaa kwenye kigoda. "Sasa nina ombi. Na wewe nenda kampige mtu."

Alikuwa ameshapiga hesabu zote na mzee Salehe. Aliopigana nao Rahim hawawezi kubadilishwa, ila wanaweza kupandishwa hadhi. Mimi nikimshinda mtu anayejulikana, basi Rahim atakuwa amempiga mshindi.  Hilaria yeye alikuwa analiangalia lile jani.

"Mama Rahim, hilo isale umelitoa wapi?"

"Hapo getini kwenu. Yako mengi."

Hilaria aliuma kanga asicheke. Isale hutoka nyumbani kwa anayeomba, siyo kwenye mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani kwa anayeombwa. Kwa mila ningeweza kukataa. Lakini mama wa watu alikuwa amepanda ile barabara yetu ya mawe kwa ajili ya mwanawe, na neno la kusamehe lilikuwa limeshanitoka.

Mzee Salehe akanitafutia Yoramu wa Machame. Yoramu alikuwa rika langu, bondia wa kweli enzi zake, ana ushindi mwingi dhidi ya watu wa kuheshimika. Alikuwa anaaga ulingo, na alikuwa anatafuta pambano jepesi la kuagia. Alipoliona jina langu alikubali kabla simu haijakatwa. Akanipigia mwenyewe: "Basili ndugu yangu, asante. Nimewaalika hadi wazee wa usharika." Nikamwambia karibu sana, tabia ya kazi.

Raundi ya kwanza nilifanya ninachokijua, yaani nilipokea. Nilipokaa kwenye kona nikagundua jambo la ajabu: sikuwa naumia. Ngumi za Yoramu nilikuwa naziona zikitoka, nazisubiri, nazipokea kama mgeni aliyepiga simu kabla ya kuja. Wote walionipiga miaka ile, wepesi, wenye nguvu, wajanja, walikuwa wamenisomesha bure, na mimi nilidhani nalipwa kuwa darasa.

Raundi ya tatu nikarusha mkono wa kulia, ukampata. Macho ya Yoramu yakaenda Arusha yakarudi. Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu hakuna aliyewahi kunifundisha kinachofuata. Nikarudi nyuma hatua moja nikamwambia, "Pole."

Ukumbi mzima ulisikia. Kutoka viti vya mbele sauti ya bibi Rukaiya ikapaa: "Basili, usimpe pole, mpe nyingine."

Nikampa nyingine, na nyingine, na raundi zilizobaki sikumwomba radhi tena. Mwamuzi aliponyanyua mkono wangu niliushusha, nikidhani amekosea mtu. Akaunyanyua tena kwa nguvu. Nililia mbele za watu, mtu mzima na shingo yangu, na Hilaria ananipigia vigelegele.

Promota alimchukua Rahim. Tulilitazama pambano lake kwenye simu, jikoni kwetu, mtandao unakatika kila akirusha ngumi. Kabla ya kengele mtangazaji alisoma wasifu wake: hajawahi kupoteza, amemshinda mara mbili Basili wa Kibosho, bondia hatari. Hilaria alinigeukia akauliza huyo Basili hatari anakaa wapi, kuna kuni za kupasua. Rahim alishinda kwa pointi. Nilifurahi kuliko siku niliyoshinda mwenyewe.

Kisha simu yangu ikanyamaza. Mwezi ukapita, na mwingine. Mwishowe nikampigia promota wa Arusha niliyemzoea, nikamuuliza kulikoni.

"Kaka Basili," akasema kwa huruma, "wewe siku hizi huaminiki. Anayetaka kibonde anakuogopa, anayetaka bondia anaona umri wako. Pumzika."

Hivyo ushindi wangu wa kwanza ndio ulionifukuza kazi. Nikatundika glovu pale pale penye ngoma ya kigango, nikamwambia Hilaria yamekwisha, nimebaki na mabua. Alisema afadhali, pua yangu imeshaanza kuangalia Kenya.

Jumapili moja baada ya misa, Yoramu akaja. Alitembea kutoka barabarani, amevaa koti la kanisani, ana jani la isale mkononi. Hakukaa alipokaribishwa.

"Basili, nilikusema vibaya," akasema. "Huko kwetu nilitangaza kwamba siku ile nilikuwa na malaria. Nimekuja kuomba msamaha."

"Nimekusamehe ndugu yangu. Kaa ule."

"Bado sijamaliza." Akaangalia chini. "Machame hawanipumzishi. Nikipita kilabuni wanaulizana, Yoramu kaaga kwa kupigwa na nani? Na huyo Basili kampiga nani mwingine? Wakijibu hakuna, wanacheka. Nimepigana miaka yote ile, wanakumbuka hiyo tu." Akaninyooshea lile jani. "Kampige mtu mwingine, Basili. Mmoja tu. Ili aliyenipiga awe mtu."

Mtu huyu niliyemharibia sherehe alikuwa ameniomba nilichoombwa na mama Rahim, na safari hii sikuwa na hamu ya kucheka. Nilijua ladha ya swali lile. Nilimwangalia Hilaria aniokoe, maana nina miaka arobaini, na jino moja lililobaki mbele nalitumia kwa adabu.

Hilaria alilichukua jani, akaligeuza upande huu na huu. Lilikuwa limenyauka kidogo kwa safari, limefungwa fundo kama inavyotakiwa. Akatoka hadi getini, akalilinganisha na ya kwetu, akarudi.

"Hili ni la kwao kweli," akasema, akazitungua glovu ukutani akanipa. "Mimi ngoja nimpakulie mgeni chakula."