Uzi wa Kumpimia Salma

Ninaikumbuka Jumapili ile kuanzia kwenye viatu. Vilikuwa viatu vya tairi, vile vya kukatwa kwa kisu na kupigiliwa misumari midogo, saizi ya mtoto wa miaka sita, na chini ya kila kimoja nilikuwa nimeongeza soli mbili zaidi, moja juu ya nyingine, mpaka vikasimama kama vipande vya tofali. Niliyevitengeneza ni mimi. Aliyevivaa ni wewe, mwanangu Zainabu.

Juzi ulinitumia picha mbili kwenye simu. Pikipiki mbili za watoto, za petroli, nyekundu na ya bluu, zimeegeshwa mlangoni mwa duka. Chini yake umeandika: "Shikamoo mjomba. Salma anatimiza miaka saba, baba yake keshakubali. Mie naona tuchukue ile ya bluu, kubwa, mtoto anakua. Wewe fundi unaonaje?" Nilikujibu marahaba, nikasema nitakuandikia. Fundi ana la kusema, lakini inabidi nianzie mbali kidogo, kwenye jambo lililotokea ukiwepo na hulijui.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimefanya kazi miezi minane kwenye gereji ya Mzee Nandonde, Temeke, na kwa miezi minane ile nilikuwa nimeamua kwamba pikipiki ninazijua. Chuo sikupita. Nilisoma vitabu vya ufundi vilivyochakaa, nikanakili michoro kwenye daftari, nikajitungia maswali usiku na kuyasahihisha mwenyewe asubuhi. Anayejifundisha peke yake ana hatari hiyo, mwanangu. Mwalimu na mwanafunzi wakiwa mtu mmoja, ni vigumu mwalimu kumfelisha mwanafunzi.

Baba yako, shemeji Saidi, alikuwa dereva wa lori. Siku moja aliniita twende Buguruni, kwenye yadi moja ya mitumba iliyoshushwa kutoka kwenye kontena. Katikati ya majokofu na baiskeli kulikuwa na pikipiki mbili za watoto. Ndogo haikuwa na gia, na kiti chake kilinifika gotini. Kubwa ilikuwa na gia tatu na injini ambayo mchoro wake ulikuwa ndani ya daftari langu. Baba yako hakuwa na uzoefu na vitu vile, akaniachia mimi niamue. Niliizunguka ile kubwa, nikagonga tangi, nikainama kusikiliza injini kama daktari, kisha nikasema maneno yale yale uliyoniandikia juzi.

"Chukua kubwa, shemeji. Mtoto anakua."

Hatukuona ubaya wowote, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa sote. Mtoto anaanza darasa la kwanza na sare ya darasa la tatu. Pindo linakunjwa ndani na kushonwa, na kila mwaka mama analifungua kidogo. Viatu vinajazwa gazeti mbele. Nyumba zetu zimeishi hivyo, na siidharau desturi hiyo, imewavisha watoto wengi. Kosa langu lilikuwa kuipeleka kwenye kitu chenye injini.

Siku zile pale mnapoishi Chanika palikuwa shamba la mihogo la mama yako, na kulikuwa na njia pana ya udongo iliyolizunguka. Jumamosi nilikukalisha juu ya ile pikipiki nikaona miguu yako inaning'inia. Mtu mwenye akili angeirudisha yadi. Mimi nilichukua kipande cha tairi na kisu. Kwa mawazo yangu, kama pikipiki haikushuka kumfuata mtoto, basi mtoto apandishwe aifuate pikipiki. Nilifurahia kazi ile. Nilijiona mbunifu.

Jumapili tukafika shambani. Bi Mwasiti, jirani, alitoka kutazama, akashika kiuno. "Mbona mtoto mmempandisha ghorofani? Atashuka na ngazi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Bi Mwasiti hakuwahi kushika spana maishani mwake, na alikuwa ameona kwa mara moja kile ambacho daftari langu zima halikuniambia.

Wewe hukucheka. Ulinivuta shati, ukaniuliza kwa sauti ya chini ili mama yako asisikie.

"Mjomba, nikitaka kusimama je?"

"Ukitaka kusimama, niite," nikakujibu.

Nilitia gia ya kwanza, nikashika nyuma ya kiti, nikakimbia pamoja nawe. Labda hatua ishirini. Vidole vyako vilikuwa vifupi, breki ya mkono hukuifikia bila kuachia mshikio. Njia ilikuwa na matuta; kila tuta lilikufanya ujikaze, na kila ulipojikaza mkono wako ulizungusha mafuta. Pikipiki ikanitoka mikononi.

Ulizunguka shamba mara ya kwanza unaita, "Mjomba. Mjomba." Watu wakapiga makofi. Baba yako akasema mtoto kanogewa. Mzunguko wa pili uliita tena, sauti imepanda, na makofi yakazidi. Pale shambani mimi peke yangu nilijua unasema nini, kwa sababu neno lile nilikupa mimi. Nilikata katikati ya mihogo nikikimbia ili nikukute upande wa pili. Sikuwahi. Kwenye kona ulichoka kuita, ukashusha mguu mwenyewe. Kile kiatu changu cha soli tatu kikapinda, mguu ukakunjika, pikipiki ikakulalia, na ekzosi, lile bomba la moshi lenye moto, ikakaa juu ya shavu la mguu wako mpaka nilipofika na kuinyanyua.

Kovu lake unalo.

Wiki tatu hukutembea. Kila baada ya siku mbili ulibebwa kwenda zahanati kubadilishwa kitambaa, na kifundo kilivimba ukashindwa hata kuvaa ndala. Ndugu walipokuja jioni ya Jumapili ile kukupa pole, baba yako, ambaye hakupenda nyumba iwe na huzuni, aliwaeleza kwa mzaha: "Tulimwambia simama, akazidi kuvuta. Mkaidi huyu, kawafuata shangazi zake." Watu wakacheka. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chako. Nilinyamaza.

Kisa kile kikakua kwa namna hiyo. Kimesimuliwa kwenye harusi, kimesimuliwa kwenye Idi. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akikipenda mno. Na nimekusikia wewe mwenyewe ukimwambia Salma anapokawia kutii, "Usinifuate mie, nilikuwaga mkaidi tangu mdogo, nikaambiwa simama nikakataa, tazama mguu huu." Kila ukisema hivyo ninainua kikombe cha chai ili nisionekane uso.

Jumatatu, siku moja baada ya ajali, nilikwenda kazini nikamsimulia Mzee Nandonde kama baba yako alivyosimulia. Mzee alikuwa anasafisha kabureta. Hakuacha kazi yake. Aliniuliza tu mtoto aliambiwa akitaka kusimama afanye nini.

"Tulimwambia aniite," nikasema.

"Akaita?"

"Aliita, mzee."

Akaweka kabureta chini, akafuta mikono taratibu kwa kitambaa. "Basi mkaidi ni nani hapo, Rajabu?"

Akaniuliza kiti cha ile pikipiki kina urefu gani kutoka chini, nikamtajia bila kufikiri, sentimita sitini na nane, kwa kuwa nilikuwa nimekipima na kukiandika. Akaniuliza mguu wa mtoto una urefu gani kutoka unyayo mpaka mapaja yanapokutana. Nikamwambia hilo sikulipima. Alikata uzi kwenye kibunda akanikabidhi. Akasema nikapime, niufunge fundo, nimletee.

Wakati ninaukunja uzi aliniambia habari ya kwao Newala. Alisema baba yake alikuwa akichonga mpini wa jembe kwa kila mtoto kila msimu wa kulima. Anamsimamisha mtoto, anapima kutoka chini mpaka kiunoni, anachonga. Mwaka unaofuata anachonga mwingine. Majirani walimcheka kwamba anapoteza miti, kwa nini asichonge mrefu mmoja mtoto akue nao. Lakini watoto wake, alisema Mzee, hakuna aliyejikata vidole vya mguu.

Nilikuja kwenu jioni ile. Ulikuwa umelala chali, mguu juu ya mto. Nilipokuwekea uzi kwenye mguu mzima ulifungua macho ukaniuliza, "Mjomba, unanishonea suruali?" Nikasema ndiyo. Ukafurahi, ukaomba iwe na mifuko miwili.

Uzi ulitoa sentimita hamsini na moja. Toa kwenye sitini na nane, inabaki kumi na saba, karibu shibiri nzima ya hewa kati ya mtoto na ardhi. Mimi nilijaribu kuijaza kwa tairi. Mzee alitazama lile fundo, akasema nirudi nikakuambie kwamba kosa halikuwa lako. "Pikipiki utaiuza, hiyo kazi ndogo," alisema. "Mtoto usimwachie mzigo wako."

Suruali nilikuletea, yenye mifuko miwili, imekatwa kwa uzi ule ule. Mama yako alisema ndiyo suruali yako ya kwanza isiyokunjwa miguuni. Pikipiki tuliiuza. Lakini yale maneno sikukuambia. Mwanzo nilisema bado mdogo, hutaelewa. Baadaye nikasema umeshasahau. Kisha baba yako akafariki, nikaona nitaonekana ninasahihisha maneno ya marehemu. Miaka imekwenda hivyo, Mzee Nandonde naye ametangulia, na wewe mpaka leo hupandi hata bodaboda.

Sasa ninakuambia. Hukukataa kusimama, Zainabu. Hukuweza kusimama. Uliniita kama nilivyokuagiza, ukaniita mizunguko miwili mizima, mimi ndiye sikufika. Hukuwa mkaidi. Ulikuwa mtoto mtiifu kuliko wote waliokuwa shambani siku ile.

Ninajua kwa nini unataka kumnunulia Salma. Uliniambia hutaki aogope kama unavyoogopa wewe, na baiskeli anaiendesha vizuri, nimemwona. Sikatazi. Jana nilikwenda dukani na tepu yangu nikazipima zote mbili. Ya bluu ina gia, na kiti chake ni sentimita sitini na saba. Ile nyekundu haina gia na kiti chake ni hamsini na mbili. Mimi nimeelekea kwenye nyekundu, lakini usinunue kwa sababu mimi nimesema. Mvue Salma viatu, msimamishe ukutani, mpime kwa uzi kutoka unyayo mpaka mapaja yanapokutana, ufunge fundo, uende nao dukani. Uzi ukiwa mfupi kuliko urefu wa kiti, hata kwa vidole viwili, rudi nyumbani msubiri. Mwaka mmoja si mrefu. Akikaa, nyayo zote mbili zilale chini, si ncha za vidole. Mwambie ashike breki huku kiganja kikiwa bado kwenye mshikio. Asipofika, fundi anaweza kuusogeza ule mkono wa breki karibu, na kama hausogei, iache pikipiki hapo.

Kwenye mshikio wa mafuta huwa kuna skrubu ndogo inayozuia usizunguke wote. Nitaikaza mimi, na nitaifungua kidogo kidogo kadiri anavyozoea, kama mama anavyofungua pindo. Hapo ndipo desturi yetu ya kukua na kitu ina mahali pake. Ekzosi iwe na bati la kuikinga, na Salma avae suruali nzito na buti zinazopita kifundo. Kofia ngumu iwe ya kichwa chake cha leo. Akitikisa kichwa isicheze. Barabarani isitoke kabisa, hata kwenda dukani hapo jirani, na isiwashwe hata siku moja bila mtu mzima kusimama pale. Kabla ya yote hayo, ilaze chini taratibu ikiwa imezimwa na yeye akiwa amekaa juu yake, umwone kama anaweza kuchomoa mguu wake na kuondoka mwenyewe.

Watakaokuja kutazama watasema mmenunua kitoto, mwakani hakimtoshi. Ni kweli, mwakani labda hakitamtosha. Mtampa mtoto mwingine, kama mpini wa mwaka jana.

Siku ya kwanza nitakuja Chanika asubuhi. Salma ataniuliza kama wewe ulivyoniuliza, watoto wenye akili huuliza hilo kabla ya kuuliza namna ya kukimbia. Safari hii sitamwambia aniite. Tutakaa kwanza nusu saa kwenye kusimama tu, anakwenda hatua tatu anasimama, hatua tatu anasimama, mpaka achoke nami. Atakaponiuliza nitamjibu: ukitaka kusimama, simama.

Mungu amkuze Salma, na kila mwaka ampe kinachomfaa mwaka huo. Awatunze nyote pale kwenye udongo ule. Na wewe, mwanangu, akuondolee jina ulilobebeshwa ukiwa na miaka sita, ukimwonyesha mtoto wako lile kovu umwambie ni la mjomba.