Annuarite Aliyerudisha Unga

Mimi ni kinyozi hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, naitwa Apollinaire, na wateja wangu watakuambia kwamba mdomo wangu unafanya kazi kuliko mashine yangu ya kunyolea. Sikatai. Nalisema mapema ili usije ukashangaa huko mbele, maana habari hii ni ya Annuarite, mama ninayemheshimu kuliko watu wote wa kambi hii, na ndani yake mimi sionekani vizuri hata kidogo.

Annuarite ni mshonaji. Ametoka Uvira, Kongo, ana miaka arobaini na kitu, mfupi, mpole wa sauti, lakini akikukatalia jambo amekukatalia. Siku alipofungua kibanda chake karibu na soko, kabla hata ya kuandika jina mlangoni, alitundika pazia la kitenge kwenye kona. Akina mama walicheka sana. Hapa kambini tunaoga nyuma ya bati mbili na gunia, mtu akigombana na mkewe majirani watatu wanasikia, na majina yetu yanabandikwa ubaoni kila mtu asome nani ameitwa kwa safari ya kuhamia ng'ambo na nani bado. Pazia la nini? Yeye alimwingiza mteja wa kwanza nyuma ya pazia, akampima, akaandika kwenye daftari lake, akalifunga. Siku moja mama mkwe fulani alimuuliza bibi harusi ameongezeka kiuno kiasi gani. Annuarite akamwambia amuulize mwenyewe, akaendelea kukanyaga cherehani.

Miaka mitatu iliyopita vijana wa hapa walianza kutengeneza filamu ya vipindi. Nyota wao alikuwa Marlène, mama wa Bukavu aliyewahi kuwa mwalimu, akicheza Maman Pasteur, mjane anayegombeza ukoo mzima nyumbani na kanisani. Jamani, yule mama anajua kucheza. Mi nilikuwa nafunga saluni saa nane mchana ili nitazame kipindi kipya, mteja akiwa nusu amenyolewa nusu bado. Annuarite ndiye aliyemshonea nguo zote za filamu. Kundi la mashabiki lilipofunguliwa Facebook, vijana walimweka yeye msimamizi kwa sababu walimwamini, nami nikajiweka msaidizi, hakuna aliyenichagua. Tulifika watu elfu nne: wa kambini, wa Lilongwe, wa Bukavu, hata waliokwisha kuhamia Australia. Tulijiita Familia ya Maman Pasteur, na njo hapo tulipoanza kukosea, maana jina lile tuliliamini kabisa.

Mwaka jana vipindi vikakatika ghafla. Vijana wakasema Marlène yuko Lilongwe, atarudi akirudi. Basi. Unadhani watu elfu nne watatosheka na hilo? Mmoja akaandika amepata safari ya kwenda Canada na anatuficha. Mwingine akaandika ana mimba. Wa tatu, mtu wa kanisa kabisa, akaandika amelogwa na mwigizaji mwenzake.

Kisha Fabien, kijana wetu anayeuza viatu katika soko la Tsoka kule Lilongwe, alimwona Marlène akitoka duka la dawa. Hakumsalimia. Alimfuata kwa nyuma, akapanda minibus aliyopanda yeye, akashuka Likuni, pembezoni mwa mji, akampiga picha akiingia kwenye geti la nyumba. Katika picha alikuwa amekonda sana, amejifunga kitambaa kichwani. Fabien akaiweka kundini. Ndani ya nusu saa kulikuwa na maoni mia tatu, na kila mtu alikuwa daktari.

Annuarite akaifuta. Akaandika mistari miwili: kwamba Marlène anatuchezea Maman Pasteur na kazi hiyo ndiyo yetu, nyumba yake, mwili wake na njia anayopita ni vyake, na picha ya namna ile haitakaa kundini. Watu wakawaka. Nami niliwaka kuliko wote, kwa sababu picha nilikuwa nimekwisha kuihifadhi, na geti nilikuwa nimelitambua. Mbona Likuni naijua? Niliwahi kufanya kazi huko.

Sasa uelewe kwetu mambo yanavyokwenda. Mtu akiugua, jina lake na nyumba yake vinatangazwa kanisani. Jumapili baada ya ibada akina mama wanavaa kitenge cha umoja wao, wanabeba unga, sabuni na sukari, wanaingia kwa mgonjwa wakiimba. Hawabishi hodi kwa muda mrefu. Mgonjwa hata akiwa amelala anaamshwa. Mimi nimelelewa humo, na nilipougua malaria mwaka ule wa mvua nyingi, nyimbo zile ziliniinua kitandani, nasema kweli. Kwa hiyo nilipomwendea Maman Rosalie, kiongozi wa akina mama, na kumwambia Maman Pasteur anaumwa na ninajua anapokaa, hatukujadiliana hata dakika tano. Watu thelathini wakajiandikisha. Minibus ikapatikana. Unga ukakusanywa kwangu saluni mpaka wateja wakakosa pa kukaa. Nami nilikuwa nimeahidi kundi zima kwamba nitarusha ziara moja kwa moja kwa simu, wa Australia nao waone.

Jumamosi asubuhi Annuarite akaingia saluni. Nilikuwa nanyoa. Alitazama magunia, akaniuliza kama ni kweli, nikamwambia ni kweli, tena na yeye nafasi yake ipo. Akaniomba niache. Nikamuuliza yeye ni nani wa kutukataza kumpenda mtu. Nilisema kwa sauti, ili mteja asikie na walioko nje wasikie. Hakupandisha yake.

“Apollinaire, mugonjwa wa jirani anakufungulia mulango juu ya vile anakujua,” akasema. “Huyu anakujua we? Hajakuona hata siku moja.”

Nikasema mimi namjua, nimemtazama miaka miwili. Akasema nimemtazama Maman Pasteur. Kisha akaniomba jambo moja: nimwache ampigie Marlène amuulize. Akisema ndiyo, tunakwenda wote, na yeye mwenyewe atabeba sufuria. Akisema hapana, hatuendi. Nikakubali mbele ya Maman Rosalie, aliyekuwa ameingia na gunia la mwisho, nikicheka moyoni. Nani atakataa unga, nyimbo na watu thelathini wanaompenda?

Alitoka nje na simu, akarudi baada ya muda mfupi.

“Amesema hapana,” akasema. “Anashukuru, lakini hapana.”

Nikamuuliza kwa nini. Akasema hilo hakuliuliza. Nikamuuliza basi anaumwa nini, maana ilikuwa wazi kwamba Annuarite anajua. Alikuwa amekwenda Likuni mara mbili kupunguza nguo zake. Akageuka, akaanza kuhesabu magunia. Maman Rosalie, kwa hasira, akasema yeye hapigi hodi kwa mtu aliyekwisha kumkataa, na ziara ikafa palepale.

Halafu Annuarite akafanya kitu ambacho sijaona mtu akikifanya hapa. Kwetu chakula kikishatoka nyumbani kwenda kwa mgonjwa hakirudi. Kumrudishia mtu ni kumwambia mkono wake ni mchafu. Lakini watu walikuwa wametoa kwa ajili ya Marlène, na hawa si watu wenye unga wa kuchezea. Annuarite akaupima tena beseni kwa beseni, akajitwika, akapita nyumba kwa nyumba, siku nzima na kesho yake. Kila mlango alisema maneno yaleyale: Marlène amewashukuru, hawezi kupokea wageni, unga wenu huu hapa. Wengine walimfungia mlango usoni. Mama mmoja alimwaga wake chini mbele yake. Annuarite akainama, akaukusanya ule uliokuwa juu, safi, akauacha kizingitini, akaenda nyumba inayofuata.

Mimi je? Nilikaa saluni nikaandika. Niliandika kundini kwamba Annuarite amemgeuza Marlène mali yake, kwamba anataka awe rafiki wa nyota peke yake. Watu wakanishangilia, nami nikaona raha. Akina mama walikuwa wamempa vitenge awashonee nguo thelathini za jubilei ya parokia. Wakaja kuvichukua, wakampelekea mshonaji mwingine kule Dowa Boma, makao ya wilaya. Kazi ya miezi miwili ikatoka mlangoni mwake mchana kweupe. Wateja wengine nao wakaona aibu kuonekana kwake. Nilikuwa nikimwona ng'ambo ya barabara, amekaa, cherehani imefunikwa.

Na neno moja lingemwokoa. Njo linaloniuma mpaka leo. Angesema tu Marlène anaumwa kitu fulani, kambi nzima ingelia naye, vitenge vingerudi kesho yake, nami ningeonekana mjinga, kama nilivyokuwa. Alikuwa nalo mdomoni miezi saba. Tulimwita mwenye kiburi, mchoyo, mchawi pia, na kila Jumapili alikaa kiti chake kilekile kanisani, akatusalimia wote kwa jina.

Marlène alirudi Dzaleka mwezi wa tano. Alikuwa bado mwembamba, lakini anatembea, anacheka. Alipita kwa wale waliotoa unga, mlango kwa mlango, akawashukuru, akawaomba radhi kwa kuwakatalia. Kwangu alifika mwisho. Nilimwekea kiti. Nikaanza kueleza kwamba nia yetu ilikuwa upendo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

“Najua mulinipenda,” akasema. “Lakini sikia, papa. Mwaka muzima bantu balikuwa bananiambia nifanye nini. Daktari, dada yangu, bale ba filamu. Siku ile Annuarite alinipigia simu, hakuniambia hata muko bangapi. Aliniuliza tu, unataka bakuje? Yeye njo wa kwanza kuniuliza nataka nini. Nikasema sitaki. Akasema sawa.”

Halafu akalia kidogo, akajipangusa, akacheka mwenyewe.

Nilikuwa na swali moja, lile ambalo kambi nzima ilikuwa nalo, na mwenye jibu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, tumebaki wawili. Sikuuliza. Sijui mpaka leo, na wateja wakinichokonoa nawageuza kichwa naendelea kunyoa. Nilichokuwa nikikifikiria saa ile ni kitu kingine. Nilikuwa nimepanga minibus, nyimbo, magunia ya unga, watu thelathini na wengine elfu nne wa kutazama, na katika mipango yangu yote hakukuwa na dakika moja ya kumuuliza yeye.

Nikamwomba msamaha. Alipoondoka nilizima mashine, nikavuka barabara kwenda kwa Annuarite kuomba wa pili.