Kochi Jekundu la Amparo

Amparo Quiceno alipiga picha za harusi hapa mjini Pereira mpaka simu zikamnyang'anya kazi. Siku hizi shangazi wa bibi harusi anapiga mwenyewe, anakata watu vichwa, na familia inashukuru. Kwa hiyo Wilmar, jirani aliyerudi kutoka Uhispania, alipokuja kusema anafungua tovuti ya watu wazima na anatafuta mpiga picha, Amparo hakupiga ishara ya msalaba. Aliuliza tu, "Picha za aina gani?"

"Za watu wa kweli, dada. Watu waliokomaa, na matumbo yao na makunyanzi yao. Za kuokota mitandaoni sizitaki. Zina wenyewe, zitanitia kesini."

Mimi ni mpangaji wake wa chumba cha nyuma, mzee mwenye muda wa kumwaga, basi nikapewa kazi ya kushika taa. Niliishika vizuri, macho nikiyaelekeza dirishani, kwenye migomba ya jirani. Sijawahi kuijua migomba ile kama nilivyoijua mwezi ule.

Kupata watu ndiko kulikuwa kazi. Amparo aliuliza kwa msusi, akauliza sokoni. Muuza nyama mmoja alikubali, akaja na mkewe ili amsimamie. Mke akaanza kumwelekeza, "Vuta tumbo ndani, Jairo!", kisha akachoka kuelekeza, akavua viatu, akasema yeye atafanya vizuri zaidi. Na kweli alifanya.

Halafu akaja Fabiola. Ni mjane, mwanamke mzima mwenye kicheko kikubwa, anakaanga empanada, zile sambusa za unga wa mahindi, pale kona. Alitaka kupigwa picha, na aliogopa. Anaishi nyumbani kwa mama mkwe wake, Bibi Ligia, ambaye hakosi misa hata moja.

"Akijua, shoga yangu, ananitolea masufuria yangu barabarani, na mimi juu yake."

"Hata aliyekuzaa hatakutambua," Amparo akamwahidi. "Tunapiga mgongo tu."

"Basi mgeuze kwanza huyo." Alionyesha picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ukutani.

"Fabi, yeye ndiye aliyeuumba huo mgongo."

"Aliuumba, sawa. Mgeuze."

Nikamgeuza. Fabiola akaketi sebuleni juu ya kochi jekundu, akatupa kisogo. Baadaye Amparo aliikagua picha kama daktari: pete hakuna, kovu hakuna, hata nywele zimefungwa kitambaa. Akampelekea Wilmar kwa amani.

Ila sala za kuelekea Krismasi mtaani kwetu huzunguka nyumba kwa nyumba, na kila Desemba mtaa mzima hubanana katika sebule ya Amparo, ukila na kugombania kochi lile lile. Hakuna tako la mtaa huu lisilolijua.

Wa kwanza kuliona kwenye tovuti ya Wilmar, simu mkononi, alikuwa Arnulfo kinyozi. Alipiga kelele katikati ya kunyoa: "Jamani, hili si kochi la Amparo?" Mkewe, aliyekuwa anafagia, akauliza, "Unaliona wapi?" Mteja aliondoka na ndevu upande mmoja. Kufikia jioni kila mtu alikuwa ameufungua ukurasa ule, ili aulaani vizuri.

Jumapili, mvua ikinyesha, Bibi Ligia akaingia kwetu bila kubisha. Fabiola alikuwa jikoni anakunywa kahawa. Nilisikia kikombe kikigonga sahani.

"Amparo, binti yangu. Nani yule aliyekaa uchi mahali ninaposalia rozari?"

Amparo akadakia, "Ni mimi, bibi."

Ligia akamtazama kuanzia juu, akashuka, akapanda tena. "Wewe? Wewe ukigeuka upande unapotea. Mgongo ule ni wa mtu anayekula."

"Picha hunenepesha, bibi."

"Hunenepesha hivyo? Basi nami nipige uso."

Nikajifanya nakagua taa. Ndipo Fabiola akatoka jikoni, amekunja aproni mkononi.

"Mwache, mama. Ni mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Nikirudi nitafunga vitu vyangu."

Bibi Ligia akakaa, si kwenye kochi, kwenye kiti cha plastiki.

"Marehemu mwanangu," akasema, "alikuwa ananisumbua: mama, huyu mke wangu ana mgongo mzuri ajabu. Mimi nikawa nasema ni mapenzi yanamsemesha." Akavuta pumzi. "Kumbe mtoto hakuwa na uongo."

Fabiola akaanza kulia na kucheka pamoja.

"Usinililie. Na wewe Amparo, itoe hiyo picha. Ukitaka nyingine, kampige kwingine, ukuta mtupu. Desemba tunakaa wapi sasa, tukifikiria nini?"

Amparo akampigia Wilmar simu pale pale.

"Vitu gani ulisema unafunga?" Bibi Ligia akamuuliza mkwewe. "Mahindi ya kesho nani atasaga, mimi?"

Waliteremka kilima chini ya mwavuli mmoja, wakigombana nani anamlowesha mwenzake.