Cherehani Niliyoiachia

Asubuhi moja pale Jules Street, mtaa wa karakana za kushona, haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nimechoka vya kutosha kuisimulia bila kuona haya.

Mwaka mzima kazi zilikuwa zimekauka. Karakana tuliyokuwa tukishonea, mimi na baba yako, ilituachisha wote wawili. Hali ilipoanza kutengemaa bosi aliniita mimi kwanza, maana mkono wangu ulikuwa safi kwenye zipu. Baba yako akabaki nyumbani, wewe mgongoni. Watu wa kanisani wakamcheka, naye akaacha kula. Eish, mwanaume akinyamaza nyumba nzima inaumwa.

Basi asubuhi hiyo nikaenda kumwomba bosi amweke mume wangu kwenye cherehani yangu, mimi nisubiri nyingine. Alikubali upesi mno. Mwanaume, alisema, hana mtoto wa kuugua. Utadhani wewe nilikuzaa peke yangu.

Bi Mwanaidi, mama wa Tanga aliyenifundisha kushona, alinifuata hadi nje.

"Binti, umefanya nini? Mkono mtupu haulambwi."

"Ni kwa muda tu, Bibi."

"Muda wa nani?"

Niligeuka nikaenda zangu. Nilijiambia uzee unamfanya msumbufu.

Cherehani nyingine zilirudishwa kazini moja moja, na kila moja ikakaliwa na mwanaume. Mimi nikawa naletewa vifungo nivishone nyumbani, siku vikiwepo. Baba yako hakuwa mtu mbaya, usinielewe vibaya. Alizoea tu. Siku nilipomwambia nataka kurudi, aliniuliza, kwa upole kabisa, sasa nani atapika? Nikapika. Nimepika mpaka macho hayaoni tena tundu la sindano, na hasira ninayo mpaka leo.

Sasa nasikia duka la jumla kule mjini limekuita urudi, mumeo bado hajaitwa, nawe unataka kumwombea nafasi yako. Usifanye hivyo, nakusihi. Mpende mumeo. Mtafutie kazi kwa kila unayemjua, na wakimcheka mtetee. Lakini yako usimpe. Aibu yake itapoa akipata kazi yake mwenyewe. Kazi yako ukishaitoa, maji yakimwagika hayazoleki. Wakirudisha watu huwaona wanaume kwanza, na wewe umebahatika kuonekana.

Nenda kesho, mwanangu. Mungu akupe miguu ya kwenda, na akupe moyo wa kurudi jioni bila kumwomba mtu msamaha.