Sanduku la Kufuli Tatu

Sanduku la chama cha akiba cha wakulima wa mpunga wa Idete lilikuwa na kufuli tatu na watunza funguo watatu. Kanuni, iliyopitishwa mwaka 1996 kwa makofi mengi, ilisema lisifunguliwe mpaka wote watatu wawepo. Kanuni ilisahau ndege. Mpunga ulipoanza kutia maziwa, watunza funguo walihamia mashambani, kila mmoja juu ya dungu lake, kuamia ndege wasile mpunga.

Mmoja wao, Digna, mjane ambaye akiba ya mavuno yake yote ilikuwa sandukuni humo, alimwona mwenyekiti Gosbert akija na baiskeli. Sanduku lilikuwa kwenye keria. Mhazini Beatus alilishikilia kwa nyuma kama mgonjwa anayepelekwa zahanati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnahama?"

Walipanda dunguni na sanduku lao. Gosbert akatoa funguo mbili mfukoni, akaomba wa tatu. Tajiri mmoja wa Mlimba aliahidi faida nono akikopeshwa akiba yote.

"Yote?" Digna aliuliza, akivurumisha jiwe la kombeo.

"Ukiigawa, mama, na faida inagawanyika."

"Dhamana yake nini?"

"Ana sauti nzito," alisema Beatus.

"Na wenzangu wako wapi?"

"Wanawakilishwa na funguo zao."

"Basi ziulize. Zikijibu, naongeza wangu."

Gosbert alikuwa akifungua kikao rasmi wakati nguzo za dungu, zilizosimikwa kubeba mtu mmoja na kombeo, zilipochoka na uongozi. Kamati ikashuka matopeni pamoja na ajenda. Kufuli zote tatu zilibaki imara. Bawaba za nyuma ndizo zilizong'oka, na noti zikachungulia nje.

Gosbert alizitazama. "Limefunguka lenyewe. Hakuna kanuni iliyovunjwa."

Digna akaukalia mfuniko.

"Inuka, mama."

"Wenzangu wakija."

"Wako ng'ambo ya mto."

"Baiskeli si unayo?"

Gosbert alirudi nao jioni. Waliposikia habari za tajiri walishangaa. Wao waliambiwa funguo zinakwenda kupakwa mafuta. Wakakataa mkopo, wakachukua funguo zao.

Ndipo Digna alipoinuka. Mpunga wake ulikuwa salama. Beatus, kwa kukosa kazi, alikuwa ameshinda akifukuza ndege, na hiyo ikawa mara ya kwanza mhazini wa chama kile kulinda mali ya mwanachama.