Sola ya Jebel Ilivyohamia Bilpam

Achok alirudi Juba akiwa mwanamke mzima, baada ya mkataba wa amani, Kiswahili chake cha Eldoret kimenyooka kabisa lakini Kiarabu cha Juba kikimpiga chenga. Cha kununulia nyanya alikuwa nacho. Cha kusemea mbele ya watu, hapana. Kwa hiyo alipopata kazi katika shirika moja pale Thongpiny, kuwafundisha walezi wa vijana mambo ya mazingira na umeme wa jua, alihitaji mtu wa kumfasiria. Akampata Mathiang.

Huyu Mathiang alikuwa mlezi wa vijana wa mtaa wa Jebel. Kiswahili alikiokota Uganda ukimbizini, akakitumia hivyohivyo. Lakini mdomo aliojaliwa! Achok akisema neno moja, yeye analitia chumvi, watu wanacheka, wanauliza maswali. Achok alimpa yote aliyoyajua: namna ya kumkalisha kijana akusikilize bila kumhubiria, jinsi mkaa unavyomaliza miti, jinsi waya za sola zinavyofungwa. Na walezi wote aliwasisitizia jambo moja, kwamba kijana asiahidiwe kitu ambacho hatapewa.

Vijana wa Jebel waliahidiwa sola, wakapewa. Iliwaponyoka wakiipandisha juu ya bati, pembe moja ikapinda, lakini ilifanya kazi, na tangu hapo klabu yao ilijaa, huyu anachaji simu, yule anasoma.

Siku moja Barnabas, Mkenya aliyekuwa mkubwa wa mradi, akamwambia Achok, "Dadangu, ile sola ya Jebel irudi ofisini kidogo, ikaguliwe. Nenda wewe, wewe ndiye wanakuamini."

Achok akaenda, akawaomba. Waliishusha wenyewe, wakamfungia kwa kitenge isikwaruzwe.

Haikupita muda, kukawa na sherehe ya kufunga semina kule Bilpam, mtaa mwingine wa Juba. Viti vya plastiki, wageni wenye kamera, na juu ya meza, zawadi ya vijana wa Bilpam: sola. Achok akaitazama pembe yake.

"Barnabas, si ya Jebel hii?"

"Wacha maneno, dadangu. Wafadhili wanataka picha. Tukitoka hapa inaenda kwingine. Wewe simama, waambie ni yao."

Achok akasimama, na Mathiang akasimama kando yake kama siku zote.

"Wanangu," alisema Achok, "sola hii si yenu. Ni ya wenzenu wa Jebel. Nilidanganywa, nikaenda kuichukua. Mkishapigwa picha nayo, na ninyi mtanyang'anywa."

Barnabas aliinuka kitini. Mathiang akafasiri kwa mbwembwe zake zote, na watu wakalipuka kwa makofi na vigelegele. Barnabas akakaa tena, akitabasamu.

"Umewaambia nini?" Achok aliuliza.

"Nimeambia hao sola iko yao."

"Mathiang! Ni ya vijana wako!"

"Dada, polepole, watu iko na kamera." Akashusha sauti. "Wewe ilinifundisha kazi. Barnabas imenipa kazi. Mimi ndiyo ilimwambia, tuma Achok, Jebel haiwezi kukatalia yeye."

Achok akaugeukia umati, akajaribu mwenyewe: "De ma takum!" Si yenu! Wakacheka kwa furaha, wakidhani mwalimu anawatania kwa lafudhi yake ya Kenya. Kamera zikawaka.

Hakungoja soda. Alipanda senke, pikipiki ya kwanza aliyoiona barabarani, moja kwa moja hadi Jebel. Vijana walikuwa klabuni, wachache kuliko zamani. Akawaeleza kwa Kiarabu kilichovunjikavunjika, akirudia, akionyesha kwa mikono, Barnabas hivi, Mathiang hivi. Walimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

Kisha msichana mmoja akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kuelewa: "Na aliyekuja hapa kuichukua ni nani?"

"Ni mimi," alijibu Achok.