Kaunti imebeba mabenchi ya matanga

Jamani, kaunti imebeba mabenchi ya matanga ya mama mkwe wangu!

Kazi niliyopewa ni hiyo moja tu: kuyaazima kanisani.

Nikayashusha kando ya barabara hapa Likoni kungoja mkokoteni. Nikakaa kidogo, magoti yangu mnayajua.

Kila rafiki aliyepita akakaa kunipa pole. Tukaanza kukumbuka vituko vya marehemu.

Mara lori la askari wa kaunti, wale wanaovunja vijiwe mjini.

"Wazee, hapa si pa kupiga soga!"

"Mwanangu, tuna msiba."

"Msiba gani huu mnacheka?"

Wakapakia yote.

Waombolezaji wanafika nyumbani kwa marehemu, Shika Adabu, jioni hii. Mke wangu anapiga simu, sishiki.

Nani ana viti? Hata mikeka, jamani.

Na atakayetangulia kufika, amwambie mke wangu. Mimi nimeshindwa.